Uzoefu wangu na SSIS: kasi ya kutafuta rekodi na ukomo wa mistari

Kazi yangu ni kukusanya takwimu za ununuzi wa karafuu kutoka vituo vya Pemba na kuziingiza katika hifadhidata iliyoko Unguja, na chombo ninachokitumia ni SQL Server Integration Services ya Microsoft, maarufu kwa jina la SSIS. Nimeridhika nacho, hasa kwa sehemu yake iitwayo Lookup, ambayo huchukua kila mstari wa ununuzi na kuutafutia mkulima wake katika daftari la usajili.

Kwa kawaida Lookup hutumia kache kamili: kabla ya mstari wa kwanza kusomwa, daftari lote huvutwa mara moja na kuwekwa katika kumbukumbu ya mashine, na ulinganishaji wote hufanyika humo humo. Anayeizima kache huilazimisha mashine kuiuliza hifadhidata upya kwa kila mstari. Ikiwa swali kwenda Unguja na jibu kurudi Pemba huchukua milisekunde 20, mistari 200,000 itachukua sekunde 4,000, ambazo ni zaidi ya saa nzima, na seva yenye nguvu haitaliondoa tatizo hilo, kwa kuwa muda unapotea njiani. Gharama ya kache kamili ni kumbukumbu, ndiyo maana silichagui jedwali zima bali huandika swali la SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, linalochukua safu ninazozihitaji tu.

Lipo jambo ambalo mgeni wa chombo hiki anastahili kuambiwa mapema. Kache kamili hutofautisha herufi kubwa na ndogo hata pale hifadhidata yenyewe isipotofautisha. Karani wa kituo akiandika MTAMBWE KASKAZINI na daftari likasomeka Mtambwe Kaskazini, hifadhidata isiyojali herufi itazikutanisha, lakini ndani ya kache hizo ni shehia mbili. Mimi huzipitisha pande zote mbili kwenye UPPER, amri inayogeuza herufi zote kuwa kubwa, na kuondoa nafasi tupu za mwisho. Penye namba ya shehia, hutumia namba nikaliacha jina. Mstari uliokosa mwenzake huuelekeza kwenye jedwali la pembeni, kwa sababu bila mpangilio huo kazi yote husimama, na kila mstari uliokosa ni karafuu za mtu aliyezichuma, akazianika na kuzibeba hadi kituoni.

Kuhusu wingi wa mistari, SSIS hupitisha data kwa mafungu, kwa kawaida yasiyozidi mistari 10,000 au megabaiti 10, kwa hivyo faili kubwa hupita bila kuijaza mashine. Ukomo hutoka kwenye vyanzo. Faili la zamani la Excel, .xls, halibebi zaidi ya mistari 65,536 kwa karatasi moja, na .xlsx hufika 1,048,576. Mwaka 2020 nchini Uingereza, karibu wagonjwa 16,000 wa korona waliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa sababu ya ukomo huo wa .xls. Wanaohamia Azure Data Factory, huduma ya Microsoft ya kuhamisha data kupitia mtandao, nao wajue kwamba Lookup ya huko hurejesha mistari 5,000 ya mwanzo tu, na matokeo yake hayatakiwi kuzidi megabaiti 4; hiyo imekusudiwa kusoma orodha fupi za mipangilio, si daftari la wakulima. Kazi inayochelewa huonekana, lakini iliyoacha mistari nje huweza kuonyesha kuwa imekamilika salama. Kwa sababu hiyo hupendelea CSV, yaani faili la maandishi matupu lisilo na ukomo huo, na kila faili huja na idadi ya mistari na jumla ya kilo, ambazo hulinganishwa na zilizoingia kabla ya ripoti kutolewa.

Kwa afisi ndogo, bei ni ya kuzingatiwa: toleo la SQL Server liitwalo Developer ni bure lakini kwa kujenga na kujaribu tu, na toleo la bure la Express halina SSIS. Asiyeimudu leseni anaweza kupakia mistari yake katika jedwali la muda na kuiunganisha na daftari kwa JOIN ndani ya hifadhidata yenyewe, njia ambayo mimi pia huichagua pale majedwali yote mawili yanapokuwa tayari katika seva moja.