Mkonga 78 wenye injini ya 1HZ: unapofaa na unapokwama kwenye maeneo ya vita

Dodoma hakuna asiyeujua mkonga. Ndio gari la halmashauri, la hospitali ya wilaya, la mradi wa maji. Ndio gari ambalo mashirika ya misaada hupeleka Kongo mashariki, Sudan Kusini na Darfur. Tathmini hii ni ya Toyota Land Cruiser 78, ule mkonga mrefu wenye milango miwili ya mbele na ya nyuma inayofunguka kama kabati, injini ya 1HZ, gia za mkono. Tumeipima kwa swali moja: inamfikisha mtoa misaada kwa wenye shida, na kumrudisha salama? Kwenye matope na makorongo jibu ni ndiyo. Kwenye kizuizi cha wenye silaha, gari hilihili linaweza kuwa sehemu ya tatizo, na wanunuzi wengi hawaulizi habari hiyo.

Tuanze na injini, maana hapo ndipo fedha inapolipa. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo, na pampu yake inafanya kazi kimakanika. Ni nzito wa mwendo. Ukiwa na mzigo kamili unaupanda mlima Sekenke taratibu huku malori yakikukaribia. Lakini vita vikianza, vituo vya mafuta hufungwa na dizeli huanza kuuzwa kwa madumu kando ya njia, ikiwa na maji, vumbi na pengine mafuta ya taa. Injini mpya zenye nozeli zinazoendeshwa na kompyuta, V8 ya lita 4.5 au ile ya lita 2.8, hazivumilii uchafu huo. Nozeli zikifa, gari linalala hapohapo mpaka spea ije kwa ndege, na ndege huenda haitui. 1HZ unaitibu mwenyewe. Taa ya maji kwenye dashibodi ikiwaka, zima gari, weka chombo chini ya filta ya dizeli, legeza koki ya chini, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka dizeli safi itoke, kaza, kisha pampu tena hadi iwe ngumu mkononi ndipo uwashe. Beba filta tatu za akiba, na kila dumu lipite kwenye kitambaa safi na faneli yenye chujio kabla ya kuingia tangini.

Udhaifu wake mkubwa ni taimingi belti, mkanda unaoenda na mwendo wa valvu na pistoni. Kiwanda kinasema ibadilishwe kila kilomita 100,000. Kwa joto na vumbi la huku kati, sisi tunashauri 80,000, na kwa gari linalovuka mpaka ibadilishwe kabla ya safari hata kama namba haijafika. Ikikatika njiani valvu hugongwa na pistoni, na hilo si tatizo la kumaliza chini ya mwembe.

Matangi ni mawili, lita 90 kila moja. Kwa njia mbaya ulaji wa lita 15 kwa kilomita 100 ni hesabu ya haki, hivyo unapata takribani kilomita 1,200. Usishuke chini ya nusu, kwa sababu njia ya kurudi inaweza kufungwa ghafla ukalazimika kuzunguka. Weka vifuniko vya kufuli, maana mafuta hunyonywa usiku.

Matairi ya 7.50R16 yenye tyubu yanadharauliwa na wanaopenda rimu za kung'aa, lakini kule hayana mshindani. Fundi pancha wa kijiji chochote ana kiraka, na tairi unalitoa kwenye rimu kwa vyuma viwili. Beba tairi mbili za akiba, tyubu mbili na flapu, ule mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu. Kwenye mchanga, punguza upepo hadi psi 20 hivi, usizidishe, kwani tairi likizunguka peke yake juu ya rimu litakata mdomo wa tyubu. Dereva anayetaka mazoezi hahitaji kwenda mbali: makorongo ya mchanga ya upande wa Mvumi na matope ya Bahi wakati wa masika yanatosha. Afunge loki za magurudumu ya mbele kabla ya kuingia, asisubiri gari lizame. Akishavuka maji marefu, afungue bolti ya difu aangalie oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia na oili ibadilishwe siku hiyohiyo.

Sasa kizuizi, au bariyeri kama wanavyoiita Kongo. Barabara inaweza kuwa na vizuizi vya jeshi, vya kundi la waasi na vya vijana wa kijiji, kila kimoja na bosi wake. Tangu waasi wa M23 walipoichukua Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na mzigo uliokuwa ukiruka ukalazimika kutafuta barabara. Karatasi inayokubalika upande mmoja inaweza kukuletea maswali upande wa pili.

Hapa ndipo usukani wa kulia unapoumiza. Kongo na Sudan Kusini wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva mwenye gari la Tanzania haoni mbele anapotaka kulipita lori. Kubwa zaidi, askari wa kizuizini hujikuta dirishani kwa abiria, si kwa dereva, na mara nyingi dereva ndiye anayejua lugha na namna ya kuzungumza. Gari likiwa la kubaki ng'ambo miaka miwili mitatu, agiza la usukani wa kushoto. Likiwa la kwenda na kurudi, basi anayekaa kushoto awe mtu aliyefundishwa kuongea kizuizini, na mgeni asiyejua lugha akae nyuma.

Utaratibu wenyewe ni huu: punguza mwendo mapema, zima muziki, vua miwani ya jua, shusha vioo, mikono ionekane. Usiku punguza taa za mbele na uwashe ya ndani. Mmoja tu ndiye aongee. Simu zisishikwe kabisa. Usirudi nyuma ghafla, hata ukiogopa.

Wengi hudhani kupekuliwa ni kuonewa. Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva ya 1949, inazitaka pande zinazopigana ziruhusu msaada upite haraka bila kuzuiwa, lakini inaziachia haki ya kuweka utaratibu wa ukaguzi. Kwa hiyo pakia gari lipekuliwe kwa urahisi: maboksi yenye orodha juu, dawa zisifichwe chini ya magodoro, nakala tano za hati ya mzigo, Kifaransa kwa Kongo, Kiingereza na Kiarabu kwa Sudan Kusini. Stika ya bunduki iliyopigwa mstari iwe kila mlango, na iheshimiwe. Ukimpa lifti askari mmoja, gari lote linahesabika la upande wake. Msalaba mwekundu usiuchore kwa sababu tu umebeba dawa, kwani alama hiyo ina wenyewe kisheria.

Redio ya HF, yaani ya mawimbi mafupi, inafika mamia ya kilomita pale mitandao ya simu ilipozimwa, na mkonga una nafasi nzuri ya antena kwenye bampa la mbele. Lakini redio isiyo na kibali huonekana kizuizini kama kifaa cha ujasusi. Kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, hakivuki mpaka. Tafuta cha nchi unayokwenda, na namba za redio zilizoandikwa humo zilingane na zilizopo garini. Kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti kitajwe pia, kisifichwe.

Tena tunasema kwa msisitizo: usiweke swichi ya siri ya kuzima injini. Gari hili linatamaniwa na wapiganaji kwa sababu zilezile zinazokufanya wewe ulitake. Wakiliteka kisha likazima baada ya mita mia, watarudi kwa dereva. Fundisho sahihi ni kutoa funguo na kuondoka taratibu. Gari lina bima, dereva ana watoto.

Kasoro ambayo hatuisamehei ni mabenchi ya nyuma yanayotazamana. Mkonga uko juu, na keria ikijazwa hupinduka kirahisi kwenye kona ya changarawe. Aliyekaa kiubavu hana kinga ya maana. Badilisha mabenchi kwa viti vinavyotazama mbele vyenye mikanda ya pointi tatu iliyofungwa kwenye chasisi, hata kama utapoteza nafasi za watu wanne. Juu ya keria hatupandishi zaidi ya kilo 100. Mzigo mzito ukae sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma, nyuma ya wavu wa chuma.

Anayenunua uliotumika, kwa mfano kwenye minada ya magari ya taasisi hapa Dodoma, alale chini kwanza. Atazame chasisi inapokutana na springi za nyuma, kwani nyufa huanzia hapo na mara nyingi hufichwa kwa rangi mpya nyeusi. Apige jeki gurudumu la mbele, alitikise juu na chini: likicheza, beringi za gurudumu au za kingipini, pale gurudumu linapokatia kona, zimekwisha. Afungue filta ya hewa, apitishe kidole upande wa ndani wa bomba linaloingia kwenye injini. Akikuta vumbi, njia ya hewa ina tundu mahali fulani, injini imekuwa ikilamba mchanga, na bei yoyote atakayoambiwa hapo ni kubwa.