Kumtibu mtoto wa mbwa parvo nyumbani kwa fedha kidogo: uzoefu wangu

Mtoto wangu wa mbwa, Kidoti, alikuwa na siku nne tu tangu afike kwangu alipoacha kula. Asubuhi nilidhani ni ugeni, kwamba anamkumbuka mama yake. Jioni akatapika povu la njano. Usiku wa manane nikaamshwa na harufu ambayo nikiisikia tena popote nitaijua: kuhara kwa majimaji mekundu, kama maji yaliyosuuziwa nyama, na uvundo mzito wa damu uliojaa chumba kizima. Alikuwa na umri wa wiki tisa. Aliyenipa alisema keshachanjwa, lakini kadi ya chanjo sikuiona na wala sikuidai.

Kliniki ya kwanza niliyofika alfajiri ilitaka malipo ya awali ya kulazwa kabla mtu hajamgusa. Kiasi chenyewe kilikuwa mara kadhaa ya nilichokuwa nacho. Nilipouliza kama kuna njia nyingine, nikaambiwa njia nyingine ni sindano ya kumpumzisha milele. Basi. Hakuna aliyemtazama hata ufizi. Nilitoka naye kifuani, amelegea kama kitambaa kilicholowa.

Kliniki ya pili ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu huduma niliyoipata pale wengi hawajui kama ipo. Daktari alichukua kinyesi kidogo kwa kijiti cha pamba, akakiweka kwenye kipimo cha haraka, na baada ya kama dakika kumi jibu likatoka: parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Dada yangu, leo una kiasi gani, na siku tano zijazo una muda kiasi gani?" Nikamtajia vyote viwili bila kuficha. Hapo ndipo akanieleza matibabu ya mgonjwa wa nje: mbwa anapewa huduma ya dharura kliniki, halafu anauguzwa nyumbani kwa dawa na vifaa vya daktari, akirudishwa kila siku kuangaliwa.

Alinieleza pia kwa nini njia hiyo inawezekana. Kirusi cha parvo hushambulia seli zinazogawanyika haraka, hasa utando wa utumbo na uboho wa mifupa. Utumbo ukishachubuka, maji na damu hutoka, bakteria wa tumboni hupenya kwenye damu, na chembe nyeupe za kupambana nao zimekwisha kupungua. Kwa hiyo kinachoua hasa ni kukauka maji, kushuka kwa sukari na hao bakteria. Alitaja sindano ya kingamwili iliyopewa idhini ya masharti Marekani mwaka 2023, lakini hakuwa nayo. Bila sindano hiyo, kazi yote ni kumshikilia mbwa asife hadi mwili wake mwenyewe uvishinde virusi.

Nilimuuliza waziwazi: nyumbani anaweza kupona kweli? Akanitajia utafiti wa Colorado State University uliochapishwa 2017. Mbwa 40 wenye parvo, nusu wakalazwa na kuwekewa dripu ya mshipani mfululizo, nusu wakatibiwa kwa utaratibu wa mgonjwa wa nje. Waliolazwa walipona 18 kati ya 20, na wale wengine 16 kati ya 20. Akasisitiza mambo mawili ambayo nami nayasisitiza: hata hao wa kundi la pili walianza kwa dripu ya mshipani na kurekebishwa sukari, na waliowahudumia walikuwa watu wenye ujuzi, kila baada ya saa sita, mchana na usiku. "Ukiruka usiku mmoja," alisema, "hesabu hiyo si yako tena."

Kidoti alikaa kliniki hadi mchana, dripu mguuni. Akapigwa sindano moja ya antibiotiki ya aina inayofanya kazi siku nyingi, na sindano ya kuzuia kutapika ambayo ilirudiwa kila siku. Mimi nikapewa mifuko ya maji ya dripu, mrija, sindano mpya za kutosha na kopo la kutupia zilizotumika. Maji yalikuwa mililita 70 kila saa sita, chini ya ngozi, kiasi alichokikokotoa kwa uzito wa Kidoti wa kilo 2.4. Usikichukue kiasi hicho kwa mbwa wako. Ana uzito wake na hali yake.

Kilichonifanya niiamini kliniki hii ni kwamba hawakuniruhusu kuondoka mpaka nichome mwenyewe mbele yao. Unabana ngozi ya katikati ya mabega kwa vidole viwili, unainyanyua iwe kama hema dogo, sindano inaingia kwenye msingi wa lile hema, sambamba na mgongo. Mara ya kwanza nilitoboa ngozi upande hadi upande, maji yakamwagikia mkononi mwangu. Muuguzi hakunikemea. Alisema tu, "Rudia, mama, yeye haumii kama wewe unavyoumia." Maji yakishaingia hufanya nundu laini begani, ambayo baadaye huteremka taratibu hadi kwenye mguu wa mbele na kunywewa na mwili. Nisingeonyeshwa hilo, saa sita usiku ningedhani nimemdhuru. Nilifundishwa pia kuupasha mfuko joto kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kuujaribia kwenye kifundo cha mkono, kwa maana maji baridi humshusha joto mbwa ambaye tayari anapoa.

Siku zilizofuata ziliendeshwa na daftari. Saa, maji, kutapika, kuhara, mkojo, joto, rangi ya ufizi. Ufizi unaubonyeza kwa kidole unakuwa mweupe, ukiachia urudi kuwa waridi ndani ya sekunde mbili. Chakula nilianza mapema, mara kutapika kulipopungua: chakula laini kilichopondwa, kijiko kisichojaa, kwa bomba la sindano lisilo na ncha, pembeni mwa mdomo. Nilidhani tumbo lililojeruhiwa lipumzishwe. Daktari alinisahihisha kwamba utumbo hupona upesi zaidi ukipewa kitu, hata kidogo.

Sasa malalamiko yangu. Usiku wa tatu ufizi ulikuwa mweupe na kipimajoto kilisoma 36.8, wakati mbwa mzima huwa kwenye 38 na zaidi. Nikapiga ile namba ya dharura niliyopewa. Nikapiga mara tisa. Hakuna aliyepokea. Nilimpaka maji ya sukari kwenye ufizi kama nilivyofundishwa, nikamfunga kwenye taulo pamoja na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa nguo, na kulipopambazuka nilikuwa mlangoni mwao. Sukari ilikuwa imeshuka sana. Akarudishiwa dripu ya mshipani kwa saa kadhaa. Alipona, lakini huduma inayomwachia mtu mgonjwa mahututi nyumbani haina haki ya kuwa na simu isiyopokelewa. Niliwaambia ana kwa ana, wakaomba radhi. Pia gharama ya siku ile haikuwa kwenye makadirio ya mwanzo. Ukienda, uliza mapema: akizidiwa usiku nani anapokea, na akirudishiwa dripu nitalipa kiasi gani?

Kuhusu fedha kwa jumla, walinitendea haki. Daktari aliandika vitu kwa mpangilio wa umuhimu, akakata mstari mbele yangu. Maji, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki na kipimo cha sukari vilibaki juu. Vitamini na kurudia vipimo vya damu kila siku vikaenda chini ya mstari. Salio nililipa kwa awamu. Nilichookoa zaidi ni kutonunua vitu vya kubahatisha. Watu walinishauri dawa za binadamu za kuzuia kuhara na za maumivu. Paracetamol na ibuprofen zinaweza kumuua mbwa mdogo, na aliyekauka maji hana hata figo za kuhimili.

Usafi ulinigharimu jasho kuliko fedha. Kirusi hiki hukaa miezi kwenye sakafu na udongo, na sabuni ya kawaida au spiriti havikiui. Nilifuta uchafu wote kwanza, kisha nikatumia dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, sakafu ikibaki imelowa kwa dakika kumi. Viatu nilivua mlangoni. Majirani wenye mbwa niliwaambia siku ileile, ingawa ilikuwa vigumu kusema.

Siku ya tano, alfajiri, nilikuwa nimepiga magoti nikichanganya chakula. Kidoti alinyanyua kichwa, akatembea hatua nne akiyumba, akaanza kulamba kijiko kabla sijalijaza bomba. Nililia pale pale sakafuni.

Naipa huduma hii nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki ni ya ile simu. Uwezo wa kumlaza ukiwepo, mlaze. Ukishinda kazini kutwa na huna wa kukupokea zamu, usijaribu, maana zamu ya saa sita usiku na ya alfajiri hazina likizo. Lakini kama umeambiwa ni kulazwa au kifo tu, na una mikono miwili na siku tano, muulize daktari wako kuhusu njia hii kabla hujakata tamaa.

Awamu ya mwisho nilimalizia juzi, siku ya chanjo yake ya wiki 16. Safari hii kadi ninayo mimi. Walimweka kwenye mizani ileile, akataka kushuka mara tatu, wakamshika: kilo 6.9.