Hema na begi la kulalia vya mtumba: nimevilalia Bugarika na Rubondo

Mwangaluka, ndugu zangu! Leo nina vitu viwili tu: hili hema la watu wawili, na hili begi la kulalia. Vyote mtumba, vyote kwa shilingi 85,000, baada ya kuvutana bei mpaka muuzaji akaninunia.

Nianze na begi, maana ndilo linalochekesha. Angalia lebo, nasogeza karibu na kamera: nyuzi 5 chini ya sifuri. Yaani hili limeshonewa mtu anayelala kwenye theluji! Kipupwe chetu cha Julai usiku kinashuka hadi nyuzi 15 hivi, basi. Usiku wa kwanza nikafunga zipu mpaka kidevuni. Saa nane nimeamka jasho linanitiririka kama nimeshinda nabeba magunia ya dagaa mwaloni Kirumba. Tangu hapo nalifungua lote, najifunika kama blanketi. Kwa Mwanza, shuka zito la Kimasai na kigodoro cha sponji vinakutosha.

Sasa hema. Nililijaribu kwanza uani kwa kaka yangu, Bugarika. Bugarika mnaijua, mawe juu ya mawe. Kigingi cha kwanza kikapinda. Cha pili kikapinda. Cha tatu sikukitoa hata mfukoni. Kilichoniokoa ni hizi fito mbili, mnaziona zinavyopishana juu? Hema linasimama lenyewe. Nikafunga kamba kwenye jiwe kila kona, nikalala. Kwa hiyo ukienda kununua, kabla ya kuulizia rangi, mwambie muuzaji alisimamishe hapohapo kwenye sakafu, bila kigingi. Likilala chini, mwachie.

Halafu tukaenda nalo Rubondo. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, tumelipita dakika chache (waliowahi kusota foleni ya kivuko wananielewa), tukakamata Sengerema, Geita, mpaka Nkome, tukapanda boti. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na sokwe wake ni uzao wa wale walioletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960. Wazee wao walitoka kwenye mabanda huko, wakafika kisiwani wakajifunza kujijengea viota mitini. Mimi hema lina maelekezo ya picha, nimehangaika dakika arobaini.

Tulitaka kulisimamisha karibu na maji, picha zipendeze. Askari wa hifadhi akatusogeza juu: usiku kiboko anatoka kula majani, na hapindi njia kwa sababu yako. Huku udongo ni laini, vigingi viliingia vizuri, na upepo ulipovuma kitambaa cha juu kilipigapiga tu, hakikung'oka.

Asubuhi naamka, matone kwenye dari. Nikalaani hema, nikamlaani na muuzaji. Kumbe mvua haikunyesha! Ni pumzi zetu wawili. Tulifunga kila kitundu kwa kuogopa mbu. Usiku wa pili tukaacha wazi dirisha la chandarua, tukaamka wakavu.

Ubovu wa kweli ni zipu ya mlango, ilikataa kurudi siku ya kuondoka. Fundi wa mabegi ameibadilisha kichwa kwa shilingi 2,000, sasa inateleza, sikilizeni... mmeona? Hema sitoi. Begi linauzwa, anayepanda Kilimanjaro anitafute.