Land Rover ya zamani: udandie fyuzi iliyopo au ufunge boksi jipya?

Land Rover nyingi za Series IIA zilitoka kiwandani na fyuzi mbili tu. Hata taa kubwa hazipitii fyuzi. Sasa mwenye gari anataka redio, chaja ya simu na spotilaiti. Apitishe wapi umeme?

Njia ya kwanza ni kudandia waya kwenye fyuzi iliyopo. Ni kazi ya nusu saa na gharama yake ni ndogo. Kwa redio peke yake, sina ugomvi nayo. Lakini spotilaiti mbili za wati 55 hula ampea 9 hivi, na mzigo huo unapita kwenye swichi ya kuwashia na waya uliochoka. Fundi mvivu ataongeza ukubwa wa fyuzi, na hapo waya ndio unaoungua.

Njia ya pili: waya mnene, milimita 6 za mraba, kutoka betri hadi boksi jipya la fyuzi sita, katikati ukiwa na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya ampea 30. Swichi ya kuwashia inaamsha rilei tu, kwa mkondo mdogo sana. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, maana kipande kilicho kabla yake hakina ulinzi. Athi, yaani waya wa kurudisha umeme, irudishe betrini, usitegemee bodi yenye kutu.

Mimi nafunga boksi. Ila kagua kwanza: Land Rover za zamani zaidi, chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, na redio ya leo haivumilii hilo.