Tathmini: ELM327 ya bluetooth kwenye Toyota IST iliyotembea sana

Kidubwasha hiki kinachotoshea kiganjani, kinachochomekwa kwenye soketi ya gari na kutuma kwenye simu namba za hitilafu (kodi), kinauzwa kwa pesa isiyofika ya kujaza nusu tenki, na kwa mwenye gari lililopita kilomita 200,000 ni pesa iliyotumika vizuri. Ila usikinunue ukitegemea kikutajie spea ya kwenda kununua. Kodi inaeleza kompyuta ya gari imeona nini. Kilichoharibika unakitafuta mwenyewe. P0171, kwa mfano, maana yake ni kwamba hewa imezidi mafuta. Aliyetoa taarifa hiyo ni sensa ya oksijeni, na mara nyingi yeye ndiye anayeng'olewa na kubadilishwa. Siku tatu baadaye taa ya injini imerudi, maana sensa ilikuwa inasema kweli.

Tuanze dukani. Chipu ya ELM327 ilibuniwa na Elm Electronics ya Kanada, kampuni iliyofunga shughuli mwaka 2022, na vifaa vya bei rahisi vilivyojaa madukani karibu vyote ni nakala. Nakala nyingi zilizoandikwa 2.1 zimepunguzwa amri, kwa hiyo kwenye magari ya zamani zinakwama. Zilizoandikwa 1.5 huwa na afadhali, ingawa toleo hilo kampuni yenyewe haikuwahi kulitoa. Mwenye iPhone aulize kabla ya kulipa: bluetooth ya kawaida haitamfaa, atafute ya BLE (bluetooth inayotumia umeme kidogo) au ya wifi. Namba ya kuunganisha ni 1234 au 0000. Programu za simu za Torque (ya Android tu) na Car Scanner zote zinafaa.

Sasa shida kubwa ya IST zetu. Kwa kuwa soketi ya pini 16 ipo chini ya dashibodi, mtu anadhani gari linazungumza OBD2, lugha ya kawaida ya kompyuta za magari ambayo kifaa hiki kinaielewa. Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya 2008 zina soketi hiyo lakini hazifuati lugha hiyo ya kawaida, na programu inabaki kuandika kwamba haioni kompyuta. Kabla ya kukirudisha kifaa dukani, ingia kwenye mipangilio ya gari ndani ya programu uchague profaili ya Toyota za Japani, kisha ujaribu tena ukiwa umewasha swichi. Mwambie muuzaji akuruhusu kujaribu kwenye gari lako palepale. Asiyekubali, hamia duka la pili.

Kikigoma kabisa, gari lenyewe linajua kusema. Zima swichi, unganisha kwa waya mwembamba pini ya 4 na ya 13 kwenye soketi, halafu washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa haraka mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika kidogo, ikapepesa mara tano, hiyo ni 25, yaani hewa imezidi. 31 ni sensa ya hewa (inayopima hewa inayoingia kwenye injini), 22 ni sensa ya joto la maji, 59 ni VVT, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuchomeka waya: ya 16 ina umeme wa betri muda wote, na ukiigusisha na ya 4 umeunguza fyuzi.

Kifaa kikikubali kusoma, thamani yake halisi iko kwenye namba zinazotembea injini ikiwaka. Rudi kwenye P0171. Fungua masahihisho ya mafuta (fuel trim), yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu, uyajumlishe. Jumla ikicheza kati ya -10 na +10 kwa mia, injini iko sawa. Ikiwa +25 gari likiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), halafu inashuka karibu na sifuri ukipandisha mizunguko hadi 2,500, kuna hewa inayoingia kwa wizi: mpira wa ea klina uliopasuka kwenye mikunjo upande wa chini, mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa oili kwenye injini) uliokauka, au gasketi ya manifoldi. Namba ikiwa nzuri sailensa lakini inapanda gari linapovuta mlima, angalia pampu na chujio la mafuta, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Kuna jaribio linaloonyesha kila kitu kwenye skrini. Acha injini iungurume, puliza kidogo sana dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio ya mipira na manifoldi, mbali na egzosi maana inawaka moto, huku macho yako yakiwa kwenye sahihisho la muda mfupi. Ukifika penye tundu, namba inaporomoka papo hapo, kutoka +20 hadi chini ya sifuri, kisha inapanda tena dawa ikiisha. Umelipata. Dawa hiyo usiipulize kwenye sensa ya hewa. Hiyo ina dawa yake, na uzi wake usiuguse kwa kidole wala pamba. Zima swichi, ichomoe, ipulize, iache ikauke dakika 15. Sailensa, injini ya lita 1.5 iliyopata moto husoma gramu 1.5 hadi 2 za hewa kwa sekunde, zaidi au pungufu kidogo.

Gari likimisi na kodi ikawa P0302, yaani silinda ya pili haichomi vizuri, hamisha koili ya silinda ya pili iende ya tatu. Spana namba 10 inatosha. Futa kodi, endesha. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, hamisha plagi, kisha fikiria nozeli. Ukikuta shimo la plagi limejaa oili, tatizo ni gasketi ya tapeti kava, na koili mpya itaharibika vilevile kama hukuanza na gasketi hiyo.

P0420, inayolalamikia katalisti (kisafisha moshi kilicho kwenye egzosi), iache mwisho. Kwenye gari linalokula oili au linalomisi, katalisti huharibika kwa sababu ya ugonjwa mwingine, na kodi hii huja pia egzosi ikiwa imetoboka karibu na sensa. Sensa ya nyuma inapaswa kutulia karibu na volti 0.6 au 0.7. Ikiwa inaruka kutoka 0.1 hadi 0.9 sawasawa na ya mbele, na mengine yote ni mazima, hapo katalisti imechoka.

Joto la maji nalo litazame hata kama hakuna kodi. Mafundi wengi wameng'oa themostati wakidhani wanaisaidia injini isichemke. Themostati ya 1NZ-FE, injini ya lita 1.5 ya IST, huanza kufunguka karibu nyuzi 82. Ukiona gari liko barabara kuu nusu saa na joto halivuki 65, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kana kwamba injini bado ina baridi. Rudisha themostati kabla ya kulalamikia ulaji wa mafuta.

Mambo mawili ya matumizi. Usibonyeze kufuta kabla ya kuandika kodi zote na picha ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea. Ukifuta, picha hiyo na masahihisho yote yanapotea, na fundi atakayefuata anaanza gizani. Na ukimaliza, kichomoe. Kinakula umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na betri iliyochoka inaweza kukataa kupiga stata asubuhi. Breki za ABS na mikoba ya hewa kwenye gari la umri huu usitarajie kuisoma kwa kifaa hiki. Hizo peleka kwa fundi mwenye mashine kubwa.