Hatifungani zinazofuata mfumuko wa bei: tathmini kwa mnunuzi na kwa Hazina

Ahadi ya bidhaa hii ni fupi: pesa uliyoikopesha serikali itapanda kadiri bei zinavyopanda. Wanunuzi wengi husoma hapo tu wakaridhika. Mwaka 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni, na mwaka huohuo waliozishika hatifungani hizi kupitia mifuko ya uwekezaji walipoteza takriban asilimia 12. Hakuna aliyevunja mkataba. Walikuwa hawajaelewa walichonunua.

Tuanze na hesabu. Chukua hatifungani ya 1,000, ya miaka 10, yenye kuponi, yaani riba inayolipwa kila mwaka, ya asilimia 2. Fahirisi ya bei, yaani kipimo rasmi cha bei za bidhaa na huduma, ikipanda asilimia 10 mwaka wa kwanza, mtaji wako unaandikwa 1,100, na kuponi inakokotolewa juu ya hiyo 1,100: 22 kwa mwaka badala ya 20. Mwaka wa pili bei zikishuka asilimia 3, mtaji unarudi 1,067. Nyongeza ya mtaji huioni mkononi mpaka hatifungani iive, yaani muda wake uishe, au uiuze. Hata hivyo, kodi ya Marekani huihesabu kuwa kipato cha mwaka ilipoongezeka, kwa hiyo unatozwa pesa ambayo hujaipokea. Ndiyo maana wengi huko huziweka ndani ya akaunti za kustaafu zenye nafuu ya kodi.

Zipo tofauti za kiwanda, tuseme. Uingereza ilianza kuziuza mwaka 1981, mwanzoni kwa mifuko ya pensheni. Marekani ilianza 1997, na zake huitwa TIPS. Za Marekani zina sakafu: zikiiva, hupokei chini ya mtaji wa awali hata bei zikiwa zimeshuka. Za Uingereza hazina. Fahirisi inayotumika ni ya takriban miezi mitatu nyuma, ila zile za Uingereza za kabla ya 2005 hutumia ya miezi minane nyuma. Mfumuko ukienda kwa mwendo uleule, ucheleweshaji wa mwanzo na wa mwisho hufutana. Balaa ni unapoongeza kasi. Ukinunua wakati bei zinapanda asilimia 1 kwa mwezi, na hatifungani ikaiva zinapopanda asilimia 10 kwa mwezi, miezi mitatu ya mwisho haimo katika malipo yako; umelipwa ile mitatu ya mwanzo, ya asilimia 1. Pengo hilo ni karibu asilimia 23 ya thamani. Kwa nchi ambayo bei zimeshachachamaa, hii ni kinga yenye tundu.

Sasa lile la 2022. Bei ya hatifungani hizi sokoni huongozwa na riba halisi, yaani riba inayobaki baada ya kuondoa mfumuko. Kati ya Machi na Desemba mwaka huo benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 4.25 na 4.5. Riba halisi ya miaka 10 ikatoka takriban asilimia 1 chini ya sifuri hadi kama 1.5 juu yake. Kwa hatifungani ya miaka 10, kila nukta moja ya asilimia inayopanda hukata bei yake kwa kama asilimia 9. Nukta mbili na nusu ni zaidi ya tano moja ya thamani, na nyongeza ya fahirisi ya mwaka mmoja haikutosha kuziba. Bidhaa hii hukukinga na bei zinazopanda. Haikukingi na benki kuu inapoamka kupambana nazo, na mara nyingi mambo hayo mawili huja yameongozana. Anayeshika mpaka ziive hupata riba halisi aliyokubaliana nayo siku ya kununua. Anayehitaji pesa baada ya miaka miwili asinunue ya miaka 20, wala mfuko uliojaa za miaka 20.

Kwa Hazina, sifa yake kubwa ni kwamba inaifunga mikono. Serikali yenye deni la kawaida hunufaika kimyakimya bei zikipanda, kwa sababu inalipa kwa pesa iliyopungua thamani. Deni likifuata fahirisi, faida hiyo hutoweka, na waziri wa fedha anakuwa na sababu ileile ya gavana wa benki kuu ya kutaka bei zitulie. Gharama yake nayo si ndogo. Deni likiwa asilimia 80 ya pato la taifa na robo yake ikifuata fahirisi, mfumuko ukitoka asilimia 2 hadi 12 huongeza kama asilimia 2 ya pato kwenye gharama za mwaka. Uingereza, yenye takriban robo ya deni lake la namna hii, ilishuhudia fahirisi yake ya bei za rejareja ikipanda asilimia 14.2 Oktoba 2022, na riba ya deni katika mwaka wa fedha 2022/23 ikavuka pauni bilioni 100.

Hapa ndipo bajeti na riba hupigana. Benki kuu ikipandisha riba, na Hazina badala ya kuongeza kodi au kupunguza matumizi ikakopa zaidi ili kulipa riba hiyo, pesa inaingia mifukoni mwa wenye hatifungani na sehemu yake inarudi sokoni kununua. Riba inakaza, bajeti inalegeza. Bila ziada ya bajeti kabla ya malipo ya riba, au mpango unaoaminika wa kuifikia, nisingeishauri serikali iuze nyingi.

Kagua pia nani anahesabu fahirisi. Argentina ilianza kuchezea takwimu zake mwaka 2007, na wenye hatifungani wakalipwa kidogo kuliko bei walizokutana nazo dukani. Kuanzia 2030 fahirisi ya rejareja ya Uingereza itakokotolewa kwa njia nyingine, ambayo kwa kawaida huonyesha mfumuko mdogo zaidi, bila fidia kwa wanaoshikilia. Massachusetts, jimbo la Marekani, mwaka 1780 iliepuka mjadala huo kwa kuandika kapu lenyewe la bidhaa za kupimia bei kwenye hati za deni ilizowapa askari: mahindi, nyama ya ng'ombe, sufu na ngozi.

Kabla ya kununua, toa riba halisi ya hatifungani hii kwenye riba ya hatifungani ya kawaida ya muda uleule. Ikiwa ya kawaida inatoa asilimia 6 na hii 2.5, soko linategemea mfumuko wa kama 3.5 kwa mwaka. Unadhani utazidi hapo, chukua hii. Unadhani Hazina na benki kuu zimeshikana mikono kweli na utashuka chini ya hapo, ya kawaida ndiyo itakayokulipa zaidi.