Kalenda ya matukio ya "siku kama leo": uzoefu wangu wa miezi minne

Niliinunua Desemba kwenye duka moja la vitabu hapa mjini. Muuzaji alisema 900, tukapatana 750. Ni kalenda ya mezani, kila tarehe na ukurasa wake, na kila ukurasa una matukio manne au matano yaliyotokea siku hiyo katika miaka tofauti. Haina Jumatatu wala Ijumaa, kwa hivyo mwaka ukiisha unaanza upya. Hata 29 Februari imo.

Ubovu wake nauanza. Gundi haikuhimili joto la Mombasa. Kufikia Machi kurasa za Januari zishaachana, nazifunga kwa mpira. Nilipomrudia muuzaji alinambia niiweke mbali na dirisha. Mji wa Kale huu, ukifunga dirisha utalala vipi?

Sikuidai pesa yangu kwa sababu ya ukurasa mmoja, wa 7 Aprili. Jioni ile nilikwenda nayo barazani, kahawa tungu mkononi, nikawasomea. 1498, Vasco da Gama, baharia Mreno, atia nanga Mombasa. 1948, katiba ya Shirika la Afya Duniani yaanza kutumika, ndiyo asili ya Siku ya Afya Duniani. 1972, Sheikh Abeid Amani Karume auawa kwa risasi Kisiwandui, Unguja. 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaanza Rwanda, kuamkia siku hiyo, baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa usiku.

Mzee mmoja akasema ya Karume hahitaji kalenda kumkumbusha. Alikuwa kijana, habari ilipotoka redioni mamake alikimbia kwa jirani bila hata buibui, maana nduguze wote walikuwa Unguja. Hapo tulikaa karibu saa nzima. Rwanda tuliipita kwa maneno machache. Hakuna aliyetaka kuizungumza kwa kahawa.

Kilichozua zogo ni Gama. Hilo "atia nanga" ni langu; kalenda yenyewe imeandika "agundua Mombasa". Mzee alicheka kahawa ikammwagikia. "Kwani alitukuta tumepotea, mwanangu?" Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alilala kisiwani hapa usiku mmoja mwaka 1331, akaandika kwamba watu wake chakula chao ni ndizi na samaki, na misikiti yao ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Gama hata wiki hakumaliza: 13 Aprili aling'oa nanga, akenda Malindi, na huko ndiko alikopata rubani wa kumvusha hadi India.

Halafu kuna hili, nalo ndilo lililonikera zaidi. Ile 7 Aprili ya 1498 ni ya kalenda ya kale, ya Julius Kaisari wa Roma. Papa Gregori XIII alipoirekebisha mwaka 1582, siku 10 zilirukwa, 4 Oktoba ikafuatwa na 15. Mwaka 1498 tofauti ilikuwa bado siku 9, kwa hivyo kwa hesabu tunayotumia leo, Gama alifika 16 Aprili. Basi amewekwa ukurasa mmoja na Karume ilhali siku zao si moja, na kalenda haigusii hilo popote. Tarehe ya Hijria nayo haimo hata kwenye kona. Kitu cha kuuzwa Mombasa!

Naipa nyota 3 kati ya 5. Ukiinunua, usingoje iachane kama yangu: ipeleke mapema kwa watu wa fotokopi waitoboe na kuitia springi. Mimi walinitoza 150.